Chanjo ya homa ya ini aina ya B hudumu miaka mingapi kwa mtoto na kwa mtu mzima?

Mama Kulwa na Doto, Igoma, Mwanza

Ndugu wanajukwaa, naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa mambo ya chanjo, kwa sababu nyumbani kwetu suala hili limezua mabishano ambayo sioni mwisho wake. Nina mapacha walioingia kidato cha kwanza mwaka huu. Kadi zao za kliniki bado ninazo, na zinaonyesha kwamba walipata chanjo ya penta wakiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, ile ambayo ndani yake imo kinga ya homa ya ini aina ya B pamoja na ya dondakoo, kifaduro, pepopunda na Hib (bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia kwa watoto). Baba yao anafanya kazi katika kiwanda cha minofu ya samaki, na miaka kadhaa iliyopita, akiwa na umri wa miaka 34, alichanjwa dozi zote tatu baada ya kupimwa na kukutwa hana virusi.

Hivi karibuni watu waliokuwa wakichanja kwa malipo mtaani kwetu walitueleza kwamba chanjo hiyo huisha nguvu baada ya miaka mitano, hivyo familia nzima ianze upya. Jirani yangu anayesafiri kibiashara alisema ni miaka kumi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiandikiwa kwenye kadi yake ya njano. Shemeji yangu naye anashikilia kwamba ukichanjwa umechanjwa, hakuna kurudia. Ili nijiridhishe niliwapeleka mapacha maabara wakapimwe kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na kirusi. Kulwa akapata 38, Doto akapata 4, na karatasi ya majibu ikasema kwamba chini ya 10 hakuna kinga. Watoto hawa walizaliwa siku moja, wakachomwa siku moja na nesi yuleyule.

Je, ni kweli kwamba Doto hana kinga? Na baba yao arudie? Mimi mwenyewe sikuwahi kuchanjwa wala kupimwa ugonjwa huu, ila hilo linaweza kusubiri. Wasiwasi wangu ni watoto.

Mtu wa Maabara, Nyamagana

Dada, pole kwa mabishano. Nitaanza na karatasi ya Doto, kwa sababu ndiyo iliyokutisha zaidi na ndiyo inayosomwa vibaya mara nyingi kuliko zote.

Hicho kiwango cha 10, yaani mili-uniti 10 katika kila mililita ya damu, kiliwekwa kwa ajili ya kupima mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Wakati huo kinajibu swali moja tu: je, mwili uliitikia chanjo? Mtoto mwenye afya akimaliza dozi tatu, zaidi ya asilimia 95 ya watoto wa namna yake huvuka kiwango hicho. Baada ya hapo kingamwili zinazoelea katika damu huanza kupungua, kwanza kwa kasi, kisha polepole, na kwa waliochanjwa wakiwa wachanga ni kawaida kabisa kuzikuta chini ya 10, au zisionekane kabisa, wanapofika umri wa mapacha wako. Kupima leo, zaidi ya miaka kumi baadaye, na kuandika kwamba "hakuna kinga" ni kutumia kipimo sahihi kwa swali ambalo hakikutengenezwa kulijibu. Tofauti ya 38 na 4 kati ya ndugu wawili haina ajabu yoyote. Hata pacha hawaanzi na kiwango kimoja cha kingamwili, wala haipungui kwao kwa mwendo mmoja.

Kinachobaki baada ya kingamwili kupungua ni kumbukumbu ya kinga, yaani chembe nyeupe za damu zilizokwisha kukitambua kirusi na ambazo hukaa mwilini kwa miaka mingi sana. Hapa ndipo tabia ya kirusi chenyewe inapotusaidia. Homa ya ini B haina haraka: tangu kirusi kiingie mwilini hadi ugonjwa ujitokeze hupita siku 30 hadi 180, na kwa kawaida ni miezi miwili au mitatu. Chembe za kumbukumbu huhitaji siku chache tu hadi wiki moja au mbili kuanza kumwaga kingamwili mpya kwa wingi, kwa hiyo kirusi hukutwa njiani kabla hakijajijenga katika ini. Kwa ugonjwa unaoibuka ndani ya siku mbili tatu hoja hii isingesimama, na ndiyo maana si sahihi kuchukua muda wa chanjo moja na kuubandika kwenye nyingine.

Wala hili si la kukisia. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1981, na mwaka huohuo watu wa Alaska, watoto na watu wazima, walianza kuchanjwa na kufuatiliwa. Walipopimwa baada ya miaka 30, asilimia 51 bado walikuwa na kingamwili za 10 au zaidi. Wale waliokuwa chini ya hapo walipochomwa dozi moja tu ya nyongeza, asilimia 88 waliitikia, ishara kwamba kumbukumbu ilikuwa hai muda wote. Watafiti walikadiria kwamba angalau watu tisa katika kila kumi walikuwa bado wamelindwa. Huku kwetu Afrika, Gambia ilianza kuwachanja watoto wake mwaka 1986 na imewafuatilia hadi utu uzima. Baadhi yao huonyesha dalili katika damu kwamba waliwahi kukutana na kirusi, lakini kubaki nacho kama maambukizi sugu ni nadra. Taiwan, iliyoanza mwaka 1984, imeshuhudia saratani ya ini ikipungua sana kwa watoto na vijana. Kwa msingi wa ushahidi wa aina hiyo, Shirika la Afya Duniani lilieleza tena katika waraka wake wa mwaka 2017 kwamba hakuna sababu ya kuwapa dozi ya nyongeza watu wenye afya waliokamilisha dozi zao.

Kwa hiyo jibu la swali la "miaka mingapi" ni kwamba kinga imethibitika kudumu angalau miaka 30, na hatuwezi kutaja ukomo wake kwa sababu waliochanjwa mwanzo kabisa bado wanaishi na bado wamelindwa. Shemeji yako yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, ingawa ukamilishaji wa dozi ni sharti ambalo hakulitaja.

Jirani yako alichanganya magonjwa. Kadi ya njano ni ya homa ya manjano, na hata hiyo tangu Julai 2016 inatambuliwa kimataifa kuwa halali kwa maisha yote ya aliyechanjwa.

Sasa niseme kuhusu hilo ulilosema linaweza kusubiri, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lingetangulia. Penta huanza wiki ya sita. Mtoto ambaye mama yake ana virusi huweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, kabla ya dozi yoyote, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kwanza. Akiambukizwa katika kipindi hicho uwezekano wa kubaki na maambukizi sugu ni kama asilimia 90, wakati mtu mzima anayeambukizwa uwezekano wake hauzidi asilimia 5. Kingamwili kidogo, kama alivyo Doto, kwa kawaida humaanisha muda umepita tu. Lakini mtu aliyeambukizwa kabla ya chanjo naye hupata majibu kama hayo. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni kipimo kingine kabisa, HBsAg, kinachotafuta kirusi chenyewe na ambacho ni cha kawaida na cha haraka. Ukipimwa wewe na kukutwa huna virusi, nafasi ya Doto kuwa navyo ni ndogo mno na karatasi ile unaweza kuiweka kabatini. Ukikutwa navyo, watoto wote wawili wapimwe HBsAg, hata Kulwa mwenye 38. Kabla ya kununua dozi ya nne kwa mtoto aliyekwisha kuchanjwa, fedha hiyo ingetumika vizuri zaidi kumpima mama ambaye hajachanjwa kabisa.

Kijana wa Kirumba

Mkuu, nakuheshimu, ila kuna jambo halikai sawa. Kaka yangu ni muuguzi, na alipoajiriwa alidaiwa majibu ya kingamwili; walipoona yako chini wakamchoma tena dozi tatu. Baba yetu mdogo anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, naye hupimwa kila mwaka na kuongezewa chanjo. Kama kinga hudumu miaka 30, kwa nini hao wawili wanatendewa tofauti? Na hiyo miaka mitano watu wameitoa wapi, maana siyo wachanjaji wa mtaani tu wanaoitaja. Nimeisikia hata kwa watumishi wa afya.

Mtu wa Maabara, Nyamagana

Swali zuri, na mifano yako miwili ina sababu mbili tofauti.

Kaka yako yumo katika kundi linalochomwa na sindano zilizotumika na kurukiwa na damu za wagonjwa, kwa hiyo ni lazima ijulikane mapema kama mwili wake uliitikia chanjo. Utaratibu ni kumpima mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu. Akivuka 10 anahesabiwa kuwa amelindwa na hahitaji kupimwa tena kila mwaka, hata kama baadaye kiwango kitashuka. Asipovuka huchomwa tena, hadi dozi tatu nyingine, na asipoitikia baada ya jumla ya dozi sita basi mwili wake unahesabiwa kuwa hauitikii chanjo. Siku akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa atahitaji kupewa kingamwili zilizotayarishwa tayari. Tatizo hutokea mtu anapoajiriwa miaka mingi baada ya kuchanjwa bila kuwa na majibu ya mwanzo. Hapo mwajiri hana njia ya kujua kama 4 ni ya mtu aliyeitikia zamani au ya mtu ambaye hakuitikia kamwe, na dozi ya ziada hutolewa ili kulimaliza shaka hilo. Ni tahadhari ya kazi, na haina maana kwamba chanjo ilikuwa imechacha.

Baba mdogo hali yake ni nyingine. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu huitikia chanjo kwa udhaifu, hupewa dozi kubwa kuliko za kawaida, na kumbukumbu yake ya kinga si ya kutegemewa. Kwake kulindwa ni pale tu kingamwili zinapokuwepo. Ndiyo maana hupimwa kila mwaka na kuongezewa zikishuka chini ya 10. Watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, pamoja na wanaotumia dawa za kuzuia kinga ya mwili, nao hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Maelezo yangu ya miaka 30 yalihusu watu wenye kinga nzima.

Kuhusu miaka mitano: haikubuniwa mtaani. Zamani, kingamwili zilipoonekana zikipungua na ufuatiliaji ulikuwa bado wa muda mfupi, baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, zilishauri dozi moja ya nyongeza baada ya takriban miaka mitano kwa watumishi wa afya. Ushahidi ulipokomaa ushauri huo uliachwa kwa watu wenye afya walioitikia chanjo. Lakini ushauri ukishaingia katika daftari za mafunzo hautoki upesi, na anayechanja kwa malipo hana sababu ya kuwa wa kwanza kuufuta.

Nilisahau baba wa mapacha. Umri wake alipochanjwa ndio unaonipa utulivu: mtu mzima mwenye afya aliye chini ya miaka 40 huitikia karibu sawa na mtoto. Baada ya miaka 40 walioitikia huwa chini ya asilimia 90, na wakifikia 60 ni kama robo tatu tu. Unene kupita kiasi na uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kutoitikia, na vilevile kuchomwa kwenye tako badala ya msuli wa bega. Kama alichomwa begani na alimaliza tatu, hana sababu ya kurudia. Samaki hawana kirusi hiki. Kinachopaswa kuangaliwa kiwandani ni damu ya mtu aliyejikata, na kisu au wembe unaopita mkono hadi mkono.

Mvuvi wa Dagaa, Ukara

Shikamooni wakubwa. Mimi nilianza chanjo hii Nansio nikapata dozi mbili. Ya tatu ilipofika nilikuwa nimehamia kisiwa cha Goziba kufuata dagaa, na sasa umepita mwaka na zaidi. Nikirudi wataniambia nianze moja? Na huku visiwani wapo wanaoamini kwamba ukinywa dawa za kichocho kila zinapogawiwa ini linalindwa na kila kitu. Naomba na hilo lijibiwe.

Nesi Mstaafu, Sengerema

Marahaba, mwanangu. Huanzi moja. Dozi mbili ulizopata zinahesabika, na ukifika kituoni utapewa ya tatu na kumaliza. Ratiba ya kawaida kwa mtu mzima ni dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita. Kuchelewa hakuharibu chanjo. Kinachoharibu ni kuharakisha, kwa maana kati ya ya kwanza na ya pili zisipungue wiki nne, kati ya ya pili na ya tatu wiki nane, na kati ya ya kwanza na ya tatu wiki 16. Lakini usiridhike na dozi mbili. Huenda zimekupa kinga na huenda hazijakupa, na hiyo ya tatu ndiyo inayopandisha kingamwili na kukazia kumbukumbu inayozungumzwa hapo juu. Wote waliofuatiliwa kwa miaka hiyo thelathini huhesabiwa kwa dozi zilizokamilika.

Nimefanya kazi na watu wa mialo kwa muda mrefu, na naona kosa letu sisi watoa huduma lilikuwa kuwapangia tarehe bila kuuliza kuhusu mwezi. Siku za giza mvuvi wa dagaa yuko ziwani na karabai zake, na hata ukimwandikia tarehe kwa wino mwekundu hatakuja. Mwezi ukiwa mkubwa yuko nchi kavu anashona nyavu. Mwombe nesi akupangie siku za mbalamwezi, na beba kadi yako kila unapohama, kwa maana kituo cha kisiwa kingine hakitakuwa na kumbukumbu zako.

Kuhusu dawa za kichocho, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Prazikwanteli huua minyoo ya kichocho na haigusi kirusi cha homa ya ini. Nayo chanjo ya homa ya ini haizuii kichocho. Nafahamu kwa nini watu huchanganya, kwa sababu kichocho cha tumbo cha ziwa hili letu nacho huleta makovu katika ini, tumbo kujaa maji na kutapika damu, na mgonjwa akiwa kitandani jirani hawezi kutofautisha. Mtu wa pwani ya ziwa anaweza kuwa na vyote viwili. Meza dawa za kichocho zinapogawiwa, na umalize chanjo yako pia.

Mama Kulwa na Doto, Igoma, Mwanza

Nawashukuru sana, na nesi shikamoo. Nimeelewa kwamba Doto hakupoteza kinga na kwamba baba yao hahitaji kurudia. Ninakwenda kupimwa wiki hii. Naomba mnifafanulie mambo mawili ya mwisho. Nikikutwa sina virusi, je, nichanjwe siku hiyohiyo? Na mama mkwe wangu, ambaye amevuka miaka 60 na anaishi nasi, anafaa kuchanjwa katika umri huo, au ni kupoteza fedha?

Nesi Mstaafu, Sengerema

Marahaba, mama. Ndiyo, damu ikishachukuliwa na majibu yakaonyesha huna virusi unaweza kuchanjwa siku hiyohiyo. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: damu itangulie, sindano ifuate. Chanjo hii imetengenezwa kwa kipande cha ganda la kirusi, kisichoweza kuambukiza, na ni kipande hichohicho ambacho kipimo cha HBsAg hukitafuta. Kwa hiyo mtu akipimwa siku chache baada ya kuchomwa huweza kuonekana ana virusi hali hana. Vivyo hivyo usiende kuchangia damu katika wiki nne za kwanza baada ya kila dozi.

Ukikutwa na virusi, chanjo haitakusaidia wewe, lakini usikate tamaa wala usimfiche mumeo. Utahitaji kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani, katika hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure, apime hali ya ini na wingi wa virusi. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa mara moja, na wanaohitaji hupewa tenofovia. Ukija kupata ujauzito mwingine uwaambie kliniki mapema, kwa kuwa mama mwenye virusi vingi hupewa dawa hiyo akiwa mjamzito, na mtoto huchanjwa mara tu anapozaliwa.

Mama mkwe naye apimwe kwanza. Chanjo ya homa ya ini iliingia katika ratiba ya watoto wetu Tanzania mwaka 2002, ikiunganishwa na DPT (chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda), na penta ikafuata mwaka 2009, kwa hiyo karibu kila aliyezaliwa kabla ya hapo alikua bila kinga na wengi walikutana na kirusi utotoni. Kama hana virusi, kuchanjwa kuna faida, ila aelezwe wazi kwamba katika umri wake wapo ambao mwili hauitikii. Huyo ndiye ningempima kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu, hasa mkikuta kwamba kuna mtu mwenye virusi humo nyumbani.